Fasihi ya Dhiki Mbele ya Wenye Dhiki: Kitabu Kinapofika Nyumbani kwa Mkulima wa Buha

Suala lenyewe

Tangu Azimio la Arusha litangazwe mwaka 1967, waandishi wa nchi yetu wameandika kwa wingi juu ya umaskini. Wamemwandika kuli wa bandarini, kijakazi wa shamba la bwana, kijana anayekimbilia mjini na kulala njaa, na mama anayelima peke yake huku mumewe yuko kilabuni. Wahakiki nao wameyapima maandishi hayo kwa mizani ya fani na maudhui, wakaeleza ni mwandishi gani mwenye msimamo wa kimaendeleo na ni yupi aliyekwama katika udhanifu. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na bado ni ya lazima.

Lakini liko swali moja ambalo uhakiki wetu umelikwepa. Vitabu hivi vinazungumzwa na nani? Mwanafunzi wa sekondari anasoma Kuli, anakariri dhamira tano, anazimwaga katika karatasi ya mtihani, anapata alama zake, na kitabu kinarudi kabatini. Likizo ikifika anapanda basi kurudi kwao, tuseme katika kijiji kimojawapo cha jirani na Nduta, wilayani Kibondo. Jioni anaketi na wazazi wake wakipukuchua mahindi au wakimenya muhogo. Wanazungumza juu ya mvua, bei ya maharage na ugonjwa wa shangazi. Juu ya Kuli hawasemi neno. Watu ambao kitabu kimeandikwa kwa ajili yao hawana habari kwamba kipo.

Hoja yetu katika makala haya ni kwamba fasihi ya dhiki haijahakikiwa kwa ukamilifu mpaka izungumzwe na familia iliyoonja dhiki hiyo. Familia ya mvujajasho ni mhakiki mwenye haki ya kusema kitabu kimepatia wapi na kimekosea wapi. Hata hivyo mazungumzo hayo yana masharti yake, kwani kitabu kikiletwa nyumbani kwa pupa kinaweza kumtia mzazi aibu badala ya kumpa fahamu.

Dhiki ya Buha ina historia

Kwanza hatuna budi kukumbushana hali halisi ya mahali tunapopazungumzia. Nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, ni nchi ya mvua, maharage, mahindi, muhogo na asali. Mtu akiuliza kwa nini watu wa nchi ya namna hiyo wamekuwa maskini miaka nenda miaka rudi, asijibiwe kwamba ni amri ya Mungu, wala kwamba ni uvivu.

Hata kabla ya mkoloni jamii ya Waha haikuwa ya watu walio sawa. Walikuwako wenye ng'ombe na wasio na ng'ombe, na aliyepewa ng'ombe alijifunga kwa utumishi kwa yule aliyempa. Alipokuja mkoloni hakuuvunja utabaka huo. Aliutumia, akaongeza juu yake kodi ya fedha taslimu. Fedha hiyo mkulima wa Muhambwe au Heru aitoe wapi? Mkonge, ulioingizwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ulikuwa umetanda Tanga, na mashamba yalihitaji mikono. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Baadaye, mwaka 1944, wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Ndivyo Mwaha alivyogeuzwa kuwa manamba, mtu anayejulikana kwa nambari kuliko kwa jina, aliyepokea ujira baada ya kujaza kipande cha siku 30 za kazi. Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago, katika kitabu chao cha mwaka 1983 juu ya kazi za mikataba wakati wa ukoloni, wameonyesha wazi kwamba Tanga ilifanywa kuwa sumaku ya kuvuta wafanyakazi, na Kigoma ikafanywa kuwa ghala la kuwatoa.

Juu ya hayo, watu wa Buha walihamishwa. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Mwingereza iliwakusanya watu wengi katika makazi mapya kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, safari hii chini ya serikali yao wenyewe na kwa shabaha ya kujenga vijiji vya ujamaa. Shabaha zilitofautiana kama usiku na mchana, lakini aliyebeba mizigo kichwani alikuwa yule yule.

Historia hii imo vifuani mwa wazee. Haimo katika riwaya mashuhuri wanazosoma watoto wetu. Kwa hiyo kijana anapoleta nyumbani kitabu juu ya dhiki ya mahali pengine, analeta kioo kwa watu wenye uso wao wenyewe. Kama kioo kimenyooka watajiona. Kama kimepinda watacheka au watakasirika.

Kitabu kinachomshtaki baba

Tuanze na kitabu kigumu kuliko vyote kukisoma mbele ya wazazi, yaani Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971 na kuzuiwa shuleni kwa muda. Familia ya Zakaria wa Namagondo, kisiwani Ukerewe, ni familia ya dhiki. Baba ni mlevi na ni mkali. Mama, Regina, pamoja na binti zake ndio wanaoishikilia nyumba isianguke. Rosa, aliyelelewa kwa woga, anaanguka mara anapotoka nje ya macho ya baba yake, na mwisho wake ni kujiua.

Binti wa Kibondo akisoma kitabu hiki atamwona Zakaria nyumbani kwao au nyumba ya pili. Hapo pana hatari. Kitabu kinageuka kuwa hati ya mashtaka, mtoto anakuwa hakimu, na mzazi anasimama kizimbani katika nyumba yake mwenyewe. Mzazi wa namna hiyo atanyamaza, au atasema shule inawaharibu watoto. Wako waliotaka kitabu hiki kifichwe kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo. Sisi tunaona suala lake zito liko penginepo: Kezilahabi anatuonyesha ulevi wa Zakaria kwa uwazi wa kutisha, lakini hatuonyeshi kwa uwazi huo huo pombe inakotoka. Ni mfumo gani ulimwacha mwanamume huyo bila kazi yenye heshima, akabaki na amri juu ya mke na watoto tu?

Hatusemi kwamba umaskini unamtakasa mlevi. Mke anayepigwa hapungukiwi maumivu kwa kuelezwa historia ya mkonge. Tunasema kwamba mazungumzo ya familia hayana budi kushika mambo mawili pamoja: kosa la mtu na chanzo cha hali yake. Anayeshika kosa peke yake anakuwa mhubiri. Anayeshika chanzo peke yake anakuwa wakili wa mwonevu. Rosa Mistika kinafaa kusomwa na familia iwapo swali la kwanza halitakuwa "Baba, mbona wewe uko hivi?" bali "Regina angesaidiwaje, na nani?" Swali la pili linaweza kujibiwa na kila mtu aliyeketi hapo, baba akiwamo.

Kitabu kinachofungua kinywa

Kuli cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979, kina tabia nyingine. Rashidi ni kijana wa kimaskini wa Unguja anayeingia katika kazi ya ukuli, kazi ile ile ya baba yake. Anaanza kama mtu anayeuza nguvu zake bila kuuliza. Anaishia kuwa mtu anayejua kwamba taabu yake si yake peke yake. Kilele ni mgomo wa mwaka 1948, jambo lililotokea kweli katika historia ya Zanzibar.

Kwa nini kitabu hiki kinafungua vinywa vya wazee? Kwa sababu kinazungumzia kazi. Kinaeleza mzigo, bega, saa, msimamizi na malipo. Mzee ambaye baba yake alikata mkonge hajui bandari, lakini anajua msimamizi. Mwulize kama amewahi kuwa maskini, atajikunyata. Mwulize majani ya mkonge yalikatwaje na kufungwaje, kipande kilijazwa vipi, na ilikuwaje siku ya mgonjwa kutojaziwa kipande chake, atanyoosha mgongo na kusema. Ndipo mtoto atagundua kwamba babu yake hakuwa maskini tu. Alikuwa mfanyakazi aliyenyonywa. Baina ya maneno hayo mawili pana tofauti kubwa ya kiitikadi. Maskini anaonewa huruma. Mfanyakazi aliyenyonywa anadai.

Kwa sababu hiyo tunatoa kipimo ambacho wanafunzi wetu wanaweza kukitumia kwa kitabu chochote cha dhiki. Kitabu kinachoonyesha umaskini kama sura ya mtu, matambara yake, kikohozi chake na machozi yake, hakiwezi kusomwa mbele ya maskini bila kumdhalilisha. Kitabu kinachoonyesha umaskini kama uhusiano baina ya anayefanya kazi na anayekula jasho la kazi hiyo kinaweza kusomwa mbele ya yeyote, na maskini ndiye atakayekielewa kwanza.

Swali la bibi

Lakini hata Kuli hakiponi mbele ya mhakiki wa jikoni. Tunaposema familia hatusemi wanaume peke yao. Bibi aliyesikiliza habari za bandari na mgomo ana haki ya kuuliza: wakati wanaume walipokuwa huko, nani alilima?

Swali hilo linafika kwenye kiini cha uchumi wa manamba. Ujira wa manamba uliweza kuwa mdogo kwa sababu mwenye shamba la mkonge hakuhesabu chakula cha mke na watoto waliobaki Buha. Chakula hicho kililimwa kwa jembe la mkono na mwanamke ambaye hakuwa na nambari, hakuwa na kipande, wala hakupokea senti. Mzee alipodhoofika na kurudishwa kwao, mwanamke huyo huyo alimuuguza bila malipo. Kwa maneno mengine, faida ya mkonge ilitoka katika migongo miwili, mmoja Tanga na mwingine Kibondo, na ni mmoja tu ulioandikwa katika daftari.

Riwaya zetu za kimapinduzi zimeyaona mapambano ya bandarini na shambani kuliko kuyaona mapambano ya mwanamke aliyeachwa nyuma. Huu ni upungufu wa maudhui, na hauhitaji mwenye digrii kuugundua. Unahitaji bibi aulizwe.

Kitabu kinachotuuliza sisi

Ndyanao Balisidya katika Shida, riwaya yake ya mwaka 1975, anawafuata Chonya na Matika, vijana wanaoikimbia dhiki ya kijijini na kuikuta dhiki nyingine mjini, mpaka kijiji kinaonekana tena kuwa mahali pa tumaini. Mafunzo yake ni mema na yaliafikiana na siasa ya wakati ule. Ila mzazi wa kijijini anaweza kuuliza swali la haki: kijana akirudi, atarudia nini? Ardhi ipo, lakini je, mbolea, barabara na mnunuzi wa mazao? Kurudi kijijini ni jibu iwapo tu kijiji kinabadilika.

Hapo ndipo Kezilahabi anapotujia tena, safari hii na Gamba la Nyoka cha mwaka 1979. Katika vijiji vya Kisole na Bucho tunaona watu wakihamishwa, wakibisha, wakilazimishwa, na tunaona vijana wasomi wanaodhani kuwa kujua maneno ya siasa ni sawa na kuwajua watu. Baadhi ya makada walikiona kitabu hiki kuwa cha kuvunja moyo. Sisi tunasema kada anayeogopa kukisoma pamoja na familia iliyohamishwa mwaka 1972 hajaiamini siasa yake mwenyewe.

Familia hiyo itasema nini? Itasema mambo mawili kwa pamoja, na yote mawili ni kweli. Itasema kwamba kijiji kilileta shule, zahanati na ujirani, na kwamba kuanzia mwaka 1977, elimu ya msingi kwa wote ilipotangazwa, watoto waliingia darasani ambao kabla yake wasingeingia. Itasema pia kwamba watu walitoka katika mashamba waliyoyajua, wakaacha migomba iliyopandwa na baba zao, na hawakuulizwa kwa kutosha. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataa kiburi cha viongozi na amri zisizo na mazungumzo. Basi ushahidi wa familia hiyo hauipingi misingi ya Chama, unaidai itekelezwe. Kada akiusikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza msemaji, atakuwa amejifunza jambo ambalo semina nyingi haziwezi kumfundisha.

Dhiki isifanywe tamasha

Jina la Nduta limejulikana duniani kwa sababu ya kambi ya wakimbizi wa Burundi, iliyowahifadhi katika miaka ya 1990 na kufunguliwa tena mwaka 2015. Dhiki ya watu hao imeandikwa sana, lakini imeandikwa katika taarifa: idadi ya vichwa, kilo za chakula, idadi ya mahema. Taarifa hizo ni za lazima, kwani bila hesabu chakula hakigawiwi. Ila hesabu haimwambii mtoto wa Mwaha kwamba Kirundi na Kiha ni ndugu, wala kwamba katika kambi za mkonge Warundi na Waha walikatia mashamba yale yale. Mtu anayejulikana kwa nambari ya kadi ya chakula na mtu aliyejulikana kwa nambari ya kipande wana la kuambiana. Fasihi ndiyo inayoweza kuwarudishia majina. Mwandishi kijana wa Kibondo akitafuta mada, mada hii iko mlangoni pake.

Njia ya kazi

Yako mambo tunayopendekeza, na hatuyatoi mfukoni. Nchi hii ina uzoefu wa kusoma kwa pamoja. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Asiyejua kusoma hakubaki nje, maana mmoja alisoma na wote walijadili. Njia iliyofaa kwa choo itafaa kwa riwaya.

Basi kijana aliye likizoni asome kwa sauti, sura moja kwa jioni moja, wakati wa kazi za mikono ambapo masikio yamepumzika. Pale Kiswahili cha kitabu kinapokuwa kigumu kwa bibi, aeleze kwa Kiha; kueleza kwa lugha ya nyumbani kutampima kama ameelewa. Aanze na kazi na watu wa kitabuni, asianze na maisha ya baba yake. Akiona mzazi amenyamaza, anyamaze naye, asimvute ulimi. Asiwe mtahini. Mwalimu Nyerere alionya katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, kwamba shule ilikuwa inawafundisha vijana kudharau maarifa ya wazee wao. Kijana anayemkatiza babu yake ili kumfundisha dhana ya unyonyaji amekwisha kuingia katika kosa hilo, hata kama dhana yake ni sahihi.

Tena aandike anayoyasikia. Wazee waliojua kambi za mkonge wanapungua kila mwaka, na wanaokumbuka kuhamishwa kwa mwaka 1972 wamekuwa wazee. Daftari la senti chache linaweza kuhifadhi kile ambacho riwaya mashuhuri hazijakigusa. Walimu wa fasihi nao wakubali daftari hilo kuwa kazi ya uhakiki, walipe alama kama wanavyolipa alama dhamira tano za kukariri.

Hitimisho

Tumesema kwamba umaskini wa Buha ulitengenezwa na watu, na kwamba fasihi inayostahili kuitwa ya wanyonge ni ile inayoweza kusomwa mbele yao bila kuwainamisha vichwa. Tumeona kwamba Rosa Mistika kinahitaji kusindikizwa, kwamba Kuli kinafungua vinywa lakini kina deni kwa bibi, na kwamba Gamba la Nyoka kinatudai sisi wenye dhamana tusikilize. Hakuna kitabu kati ya hivyo kilichopungukiwa na heshima kwa kuhojiwa na mkulima.

Kada na mwanafunzi wanaposema fasihi ni mali ya umma, wajiulize kama wamekwisha kumpa mwenye mali mali yake. Kitabu kitoke kabatini, kipande basi, kifike Kibondo. Kikifika, kisomwe kwa sauti ya kutosha kumfikia aliye jikoni.